Aliyefua Ovaroli

Kampuni ya Kazeh Vigae ilimjibu Batuli kwa mistari minne. Mstari wa kwanza ulimshukuru kwa barua yake. Wa pili ulisema kampuni imepekua majalada yote ya wafanyakazi, tangu ilipoanza kutengeneza vigae vya asbesto mpaka ilipoacha, na haikuliona jina lake. Wa tatu ulisema kwamba kwa sababu hiyo kampuni haiwezi kuwajibika kwa maradhi ya mtu ambaye haijapata kumwajiri. Wa nne ulimtakia afya njema. Afya njema! Mwanamke ana saratani ya utando wa mapafu, hawezi kutoka kitandani mpaka mlangoni bila kupumzika njiani, halafu mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka anamtakia afya njema na kugonga muhuri.

Yasmini, binti yake wa pekee, aliisoma barua ile mara mbili. Mara ya pili ni kwa sababu baba yake, mzee Twalibu, alidhani ameruka mahali.

"Ndiyo imeisha?" aliuliza mzee.

"Imeisha, Baba."

"Hawakunitaja mimi?"

"Hawakukutaja."

Twalibu alichukua miwani, akaisoma mwenyewe, midomo ikicheza. Alikuwa amemimina magunia ya asbesto kwenye mashine ya kuchanganyia saruji kwa miaka kumi na minane. Vigae alivyovitengeneza viliezeka maghala ya pamba Igunga na madarasa ya Nzega yasiyohesabika. Yeye mwenyewe, umri wa miaka sitini na mitano, alikuwa mzima. Aliyeugua ni mkewe, ambaye hakuwahi kuingia geti la kiwanda hata siku moja.

Miezi minane madaktari walimtibu kifua kikuu asichokuwa nacho. Kisha akaja daktari bingwa kwa wiki moja pale Tabora, akapima, akauliza swali ambalo wenzake hawakuliuliza: mumeo alikuwa anafanya kazi gani? Batuli akajibu. Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza tena: nguo zake alikuwa anafua nani?

Katika nyumba za Gongoni, alikolelewa Batuli, mume akitoka kazini hapiti moja kwa moja. Anapokelewa kwenye ujia wa ndani, anavuliwa nguo za kazi, anapewa msuli safi na maji ya kuoga, ndipo aende msikitini magharibi akiwa mtu mbele ya watu. Nguo zile hazikung'utwi barazani, majirani wakaona uchafu wa mumeo. Zinakung'utiwa ndani, mlango umefungwa. Batuli alifanya hivyo siku sita kwa wiki. Alikung'uta ovaroli mpaka ujia ukawa mweupe, akafagia, halafu akafua. Yasmini alipokuwa mdogo alikaa palepale chini, akichora nyumba na kuku kwa kidole katika vumbi.

Daktari alimwambia Yasmini naye awe anapimwa kila mwaka, maisha yake yote. Tangu siku hiyo Batuli hakulilia tena kifua chake. Alilokuwa akilitaka ni moja tu: kampuni ikubali kwamba vumbi lile lilikuwa lake, ili siku mwanawe akianza kukohoa asipelekewe mistari minne.

*

Kuingia kiwandani lazima uandikwe getini. Mlinzi alimfungulia Yasmini daftari.

"Sababu ya kuja?"

"Madai."

"Hapa hakuna madai. Kuna kikazi na binafsi."

"Basi kikazi."

Mlinzi alimwangalia mzee Twalibu, kofia yake ya mkono na makubazi yake. "Nyinyi ni binafsi," akasema, akaandika mwenyewe.

Walikaa kwenye benchi saa mbili na nusu. Watu waliokuja nyuma yao waliingia na kutoka. Msichana wa mapokezi alimpitishia chai kila mtu aliyevaa viatu vya kufunga. Hatimaye wakaitwa na afisa utumishi, kijana mmoja aitwaye Wilbroad, mwenye sauti ya upole na mikono laini. Huyu alikuwa bado shule ya msingi wakati Twalibu anamimina magunia.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Poleni sana na mgonjwa. Nilipoiona ile barua niliumia." Yeye ndiye aliyeiandika. "Sasa mzee, nikuulize. Kifua chako wewe kikoje?"

"Kizima."

"Umepimwa?"

"Nimepigwa picha. Hawakuona kitu."

Wilbroad alisikitika, akasikitika kweli. "Unaona? Hapo ndipo ugumu ulipo. Ungekuwa unaumwa wewe, mzee, ingekuwa rahisi. Fidia ya mfanyakazi ina njia yake inayojulikana. Lakini mama hakuwa mfanyakazi."

"Kwa hiyo unamwombea baba augue?" Yasmini aliuliza.

"Sijasema hivyo, dada yangu."

"Umesema ingekuwa rahisi."

Wilbroad alitabasamu kama mtu aliyefundishwa kutabasamu anapotukanwa. Alivuta karatasi. "Tuzungumze tu kifamilia. Hizo ovaroli, mzee, zilikuwa zinakung'utiwa wapi?"

"Ndani," alijibu Twalibu. Alijibu kwa fahari kidogo, kwa sababu swali lilikuwa la heshima ya nyumba yake. "Mke wangu si mtu wa kuanika uchafu wa mumewe barazani."

"Ndani. Mlango wazi au umefungwa?"

"Umefungwa. Angefungua, watu wanapita njiani!"

Wilbroad aliandika, akapiga mstari chini ya alichoandika. "Nashukuru kwa ukweli wako, mzee. Maana wataalamu wanasema vumbi likikung'utwa nje, upepo unalichukua. Kampuni haikuwaagiza mkung'ute ndani ya nyumba iliyofungwa. Hizo ni mila zenu, na tunaziheshimu sana."

Yasmini aliitazama karatasi ile. Staha ya mama yake, usafi wake wote, upendo aliokuwa akimwonyesha mumewe kila jioni, vilikuwa vimeandikwa kwenye karatasi ya kampuni kama kosa la mtu aliyejitakia.

"Iliwaagiza wakung'utie wapi?" akauliza. "Nioneshe agizo."

"Kulikuwa na chumba cha kubadilishia nguo."

"Kile kilikuwa stoo ya saruji," Twalibu alisema. "Bomba lake halikutoa maji hata siku moja. Ovaroli tulipewa mbili mbili, kufua ni juu yako, na ukija na chafu unakatwa nusu siku. Hakuna aliyetuambia lile vumbi ni sumu. Bwana mkubwa wenu mwenyewe alikuwa anasema halina tofauti na unga wa muhogo."

"Hayo hayapo kwenye kumbukumbu zetu, mzee."

"Mimi nipo!"

"Naam," alisema Wilbroad kwa upole, akasimama kuwafungulia mlango. "Nawe upo."

*

Wiki iliyofuata maji yalijaa tena katika kifua cha Batuli. Alilala kwa kukaa, amezungukwa na mito. Hospitali ilisema yanatolewa kwa sindano na mpira, lakini kifaa kinanunuliwa, na bima aliyokuwa nayo haikukigusa. Cherehani ya Yasmini pale sokoni ilikuwa imeshatoa ilichoweza kutoa. Shamba la Twalibu lilikuwa limeuzwa wakati wa kile kifua kikuu cha uongo.

Jumanne asubuhi Batuli alitaka kutia udhu. Aliinama afike miguuni, akashindwa. Akajaribu tena, akashindwa, akabaki na birika mkononi, macho chini, na aibu imemjaa kama mtoto aliyejikojolea. Twalibu alilichukua birika, akapiga magoti, akamwosha miguu. Baada ya hapo mzee alivaa kanzu, akaaga kwamba anakwenda Ipuli kumtazama mgonjwa, akaenda Kazeh Vigae.

Safari hii hakukalishwa kwenye benchi. Wilbroad alimpa soda. Karatasi ilikuwa tayari imeshachapwa, kana kwamba ilikuwa inamngoja tangu siku ile.

*Mimi Twalibu Rashidi, kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, nakiri kwamba nilielekezwa na mwajiri wangu kubadilisha nguo kiwandani kila siku kabla ya kurudi nyumbani, nami nikakaidi. Nakiri kwamba vumbi lililomfikia mke wangu, au mtu mwingine yeyote wa nyumba yangu, lilitokana na ukaidi wangu.*

Twalibu aliisoma polepole mpaka chini.

"Huu si ukweli, mwanangu."

"Mzee, usiuangalie kama ukweli, uangalie kama utaratibu. Bodi haiwezi kutoa msaada wa kiutu bila karatasi. Ukisaini sasa hivi, napiga simu hospitali sasa hivi, mama anatolewa maji leo."

"Nisiposaini?"

"Sitakuwa na njia." Wilbroad alikunjua mikono yake laini. "Mimi pia nina mama, mzee."

"Karatasi itakwenda wapi?"

"Inakaa kwenye faili."

Usimcheke mzee Twalibu. Wako wengi waliosaini mabaya zaidi kwa madogo zaidi. Huyu aliwekewa mkewe upande mmoja na jina lake upande wa pili, akaambiwa achague kabla soda haijaisha. Alisaini. Halafu wakamwekea kidole kwenye wino, wasije wakaambiwa sahihi si yake. Wilbroad akapiga simu kama alivyoahidi, maana watu wa namna hii ahadi zao ndogo huzitimiza.

*

Yalitoka maji lita mbili na zaidi, ya rangi ya chai ya rangi. Batuli alirudi nyumbani akitembea. Siku ya pili alikula wali kwa maharage, akaomba aongezewe. Siku ya tatu alimgombeza Yasmini kwa kufagia vibaya, na nyumba nzima ikafurahi kusikia ugomvi.

"Kwa hiyo wamekubali?" alimuuliza mumewe.

"Wamesaidia," alijibu Twalibu, akatoka nje.

Siku ya nne alikuja Pelagia, wakili wa kituo cha msaada wa kisheria, mama wa makamo mzaliwa wa Puge, aliyekuwa akiwasimamia bila malipo. Hakukubali chai. Alikaa kwenye kigoda uani, akatoa bahasha.

"Kampuni imejibu hati yetu ya madai," alisema. "Wameambatanisha kitu. Mzee Twalibu, nimekuja kukuuliza mbele ya wenyewe. Hiki kidole ni chako?"

Twalibu hakutazama karatasi. "Ni changu."

Pelagia aliisoma kwa sauti, kwa sababu Batuli aliomba isomwe.

"'Mtu mwingine yeyote wa nyumba yangu,'" Yasmini alisema. "Huyo ni mimi, Baba. Umenisainia na mimi. Nikianza kukohoa nitaambiwa nikamdai baba yangu!"

"Mama yako alikuwa anakufa mbele ya macho yangu."

"Ungeniambia mimi!"

"Nikuambie ili ufanye nini? Uuze cherehani? Ungeuza, na maji yakirudi ungeuza nini?"

"Wewe ulikuwa unajua wanachotaka. Ulikaa pale, ukasikia wanavyoandika ndani, ndani, umefungwa, umefungwa. Ukarudi kuwamalizia!"

"Yasmini," Batuli alisema. "Mwache."

Aliomba karatasi. Hakuwa na haja ya kuisoma, aliishika tu. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, na alipouliza, aliuliza kwa sauti ndogo.

"Baba Yasmini. Walikuambia?"

Twalibu aliinua uso.

"Nakuuliza. Walikuambia ubadilishe nguo, ukanificha?"

Hili ndilo lililonunuliwa na kampuni, na lilikuwa na thamani kuliko ule mpira na sindano. Miaka arobaini ya ndoa, na sasa mke anamwuliza mumewe kama alimletea sumu kwa kujua. Hata kama kesi isingesikilizwa kamwe, swali lile lilikuwa limeshaingia uani na kukaa.

Mzee Twalibu alilia. Hakulia kwa sauti. "Wallahi sikuambiwa," alisema. "Ningeambiwa ningerudi uchi, Batuli. Ningepita njia ya Nzega uchi mchana kweupe, watu wacheke, kuliko nikuletee kitu kile. Mara ya kwanza kusikia ni kwa yule daktari."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Yasmini azaliwe.

Batuli aliitikia kwa kichwa taratibu. Alimwamini. Kisha hasira ikamjia, hasira ambayo kifua chake hakikuwa na nafasi nayo kwa miezi mingi. "Shenzi hawa," alisema, yeye ambaye hakuna aliyepata kumsikia akitukana. "Mume wangu akiri kwamba ameniua! Mimi ni mzima nasikia! Wakili, hii inafutwaje?"

"Haifutiki, mama. Inapingwa. Mzee atoe kiapo kwamba alisaini uongo, aeleze kwa nini. Watamshambulia, watamwita mwongo, wanaweza kumdai gharama walizolipa."

"Wanidai," alisema Twalibu.

"Na watauliza: tumwamini wa Jumanne au wa leo? Hapo anahitajika shahidi mwingine, aliyekuwa akiziona zile nguo kila siku zinavyorudi."

"Huyo ni mimi," Batuli alisema.

Pelagia alikuwa mwanamke mkweli, na ukweli ulimpa taabu. "Kesi kama hii haijapata kusikilizwa hapa, ya mtu wa nyumbani. Itakwenda miaka, mama."

"Najua. Na mimi sina miaka. Ndiyo maana nataka kusema sasa."

*

Kesho yake asubuhi walikwenda ofisini kwa Pelagia, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ngazi zilikuwa kumi na saba. Yasmini alitaka mama yake abebwe, Batuli akakataa, akazipanda kwa kusimama kila ya tatu. Alipofika juu midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Twalibu alianza. Aliapa kwa Kurani, akaeleza soda, simu, na maneno ya utaratibu. Pelagia aliandika. Alipoulizwa kwa nini alitia sahihi jambo asilolifanya, alisema, "Kwa sababu mke wangu alishindwa kuosha miguu yake." Pelagia aliuliza kama aandike hivyo hivyo. Mzee akasema andika hivyo hivyo, na uandike kwamba nilidanganya, usilipambe.

Ikawa zamu ya Batuli. Yasmini aliweka simu yake mezani irekodi, ili sauti ibaki. Batuli aliapa, akaanza na rangi ya ovaroli. Alieleza vumbi lilivyokuwa linakaa kwenye mikunjo ya kola na mifukoni, linavyowasha shingo, linavyoelea juu ya maji ya kufulia na kukataa kuzama. Alitaja wake wawili wa wafanyakazi wenzake Twalibu, aliowajua, waliokufa kwa kile kilichoitwa pumu. Alisema mumewe alirudi na nguo zilezile alizotoka nazo, kila siku, kwa miaka yote, na kwamba wafanyakazi wote wa mtaa ule walirudi hivyo. Angekuwapo aliyebadilisha, wanawake wangejua. Wanawake walikuwa wanafua.

"Na kuhusu kukung'utia ndani, mama," Pelagia aliuliza. "Watalisema sana."

"Nilikung'utia ndani. Nilikuwa namsitiri mume wangu." Alingoja kifua kitulie. "Wao walikuwa wanamsitiri nani? Waliojua ni wao. Gunia lilikuwa na maandishi, Twalibu alileta moja tukafanya pazia la choo. Maandishi ya Kizungu. Nani kwenye nyumba yangu alisoma Kizungu? Wangeandika neno moja tu, hatari, mtoto wangu nisingemkalisha pale."

Sauti ilikatika. Alianza kukohoa, akakohoa muda mrefu, mpaka Twalibu akamshika mgongo na Yasmini akasimama na maji. Pelagia alizima simu, akaweka kalamu chini.

"Inatosha kwa leo, mama. Ukapumzike. Tutaendelea wiki ijayo, ukipata nguvu."

Batuli alikataa maji. Aliifuta midomo kwa pembe ya ushungi, akanyoosha mkono, akaisogeza kalamu kwa wakili.

"Wiki ijayo maji yatakuwa yamerudi," alisema. "Pumzi hii niliyo nayo wameilipia wao wenyewe. Washa simu. Andika upesi, tuitumie yote."

Yasmini akawasha simu, na mama yake akaendelea.